Darasa la Epifania Kwenye Memori Kadi

Mwalimu Ghati hajui kukaa. Nimeishi naye nyumba jirani hapa Kibondo tangu alipopangiwa kazi kutoka kwao Tarime, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti. Anakunywa amesimama. Anasahihisha madaftari amesimama. Akija dukani kwangu anaegemea kaunta, anaaga, anafika barabarani, anarudi kuuliza jambo ambalo nimeshamjibu. Kiguu na njia, yaani. Na mimi Adija nina maneno mengi na subira kidogo sana, kwa hiyo tumegombana mara nyingi, na katika kugombana ndiyo tukazoeana.

Ana mtoto mmoja, Epifania. Baba wa mtoto yuko Musoma, na hilo tuliache hukohuko Musoma. Epifania ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo kikapita. Neno linamkaba, shingo inasimama, macho yanamtoka, na wewe unayemsikiliza unaanza kuona aibu kwa niaba yake. Alipokuwa chekechea, kwenye shule ileile anayofundisha mama yake, walikuja wageni, akaambiwa asimame awaamkie. Akakwama kwenye shikamoo. Watoto wakacheka, na watoto ndivyo walivyo. Lakini mwalimu wake naye alicheka, na Epifania akamwona. Tangu siku hiyo hakutoa tena neno mbele ya watu. Ukimpa pipi anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, kimya.

Ghati akamtoa. "Simrudishi," akasema. "Nitamfundisha mwenyewe nyumbani."

Weee! Mji ukapata la kuongea. Mwalimu wa serikali, anafundisha watoto wa wenzake, wa kwake kamficha ndani! Kwenye mashine ya kusaga hapakuwa na habari nyingine. Mimi nilimtetea kwa sauti kubwa, ingawa moyoni nilijiuliza kama mwenzangu hajaanza kuchanganyikiwa.

Hiyo ilikuwa mwaka 2014. Haukupita muda, mwalimu mkuu, Mwalimu Stanislaus, akamwita ofisini. Ni mtu mpole, hana kelele, ila akishashika jambo halimtoki. Akamwambia, "Mwalimu, Januari mtoto anaingia darasa la kwanza kama wenzake. Aje aniambie jina lake kwa mdomo wake, anijibu na maswali mawili matatu. Asiposema, nitapendekeza apelekwe bweni, kwenye shule ya viziwi."

"Viziwi? Mtoto anasikia, Mwalimu!"

"Anasikia, lakini hasemi. Darasa la kwanza lina watoto hadi chini sakafuni. Nani atakuwa na nafasi ya kumhangaikia?"

Hiyo shule iko mkoa mwingine kabisa, safari ya kulala njiani. Ghati alikuja dukani, anazunguka katikati ya maboksi ya chaja utadhani kapoteza funguo. "Watamchukua mwanangu, Adija. Miaka sita tu, watampeleka kwa watu wasiomjua, wamfundishe kuongea kwa mikono wakati sauti anayo!" Nilifunga duka mapema siku ile nikakaa naye. Kukaa ni mimi, yeye alisimama.

Sasa, kuna mwalimu mwenzake alikuwa amemweleza kwenye semina kule Kasulu kuhusu podikasti. Ghati akanifafanulia: ni kama redio, ila hungoji saa ya kipindi. Unachagua unachotaka, unakiweka kwenye simu, unasikiliza ukitaka, hata mara kumi. Na zipo za wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani: sehemu moja ya mzazi, sehemu nyingine ya mtoto, na hadithi, na nyimbo. Macho yalimng'aa. "Fikiria, Adija. Mwalimu asiyemwona. Hawezi kumcheka!"

Kuzipata ikawa shughuli. Intaneti ya Kibondo wakati ule ulikuwa unaiwinda. Kila akitoka kazini anapanda kile kilima cha nyuma ya hospitali, simu juu, anageuka huku, anageuka kule, anaangalia kale kamduara kanazunguka, kanazunguka, halafu kanakufa. Anashuka viatu vimejaa vumbi jekundu, hasira zimemjaa. Mwisho nikamwambia, "Mpe Saady jina la hicho unachotafuta, utatuua kwa presha."

Saady ni mdogo wangu. Dukani kazi yake ni kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za watu, na kila wiki alikwenda Kasulu kufuata mali, ambako kulikuwa na kibanda cha intaneti kinachofanya kazi kweli. Safari ya kwanza alileta vipindi vya Kizungu. Watoto wa huko wanafundishwa habari za theluji na dubu. Bibi Maximilla, mama mtu mzima anayeshinda na Epifania wakati Ghati yuko shuleni, alisikiliza kidogo akauliza kama yule anayeongea anaumwa. Bibi lugha yake ni Kiha, Kiswahili anakitia pale anapolazimika.

Safari iliyofuata Saady akapata dhahabu. Kipindi kinaitwa Darasa la Jikoni, cha mama mmoja Mtanzania anayeishi nchi za baridi, Bi Safina, anayefundisha wanawe nyumbani kwa Kiswahili. Sauti tamu, ya kumbembeleza mtu. "Haya kipenzi changu, uko hapo? Niambie, leo asubuhi umekula nini?" Ghati aliruka, haki ya Mungu, aliruka kama msichana. Akanunua spika ndogo inayokula kadi, akaiweka kwenye kigoda karibu na mkeka, na darasa likaanza.

Bibi Maximilla kila asubuhi spika ikiwaka anaiitikia kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye!" kama amegongewa hodi. Mimi sina mbavu. Epifania naye alikuwa anaitazama spika ile kwa mapenzi kabisa.

Lakini mtoto hakusema. Tena wiki zilivyokwenda alizidi kufunga mdomo. Zamani angalau alikuwa akiwasemesha kuku uani pale asipoonekana, sasa hata kuku hakuna. Ghati dawa yake ikawa ni kuongeza. Vipindi zaidi! Saady, leta vingine! Kadi ikajaa, ikanunuliwa nyingine. Ile sehemu ya wazazi, ambayo Bi Safina anaeleza namna ya kutumia masomo, Ghati aliirusha. "Huyu mama ana maneno mengi, mimi ni mwalimu bwana, ninajua kufundisha," akasema, huku anabonyeza mbele. Usiku halali, mchana hali, anakonda tu. Novemba ikafika.

Siku moja nilipeleka sukari kwake, Ghati akiwa kazini. Nikakaa na Bibi tukichambua maharage, spika inaongea. Mara ya kwanza hiyo nasikiliza kwa makini.

"Haya kipenzi, niambie, nani anakupikia chai? Hongera sana! Na chai ina rangi gani? Umepatia!"

Nikamtazama Epifania. Midomo ilifunguka, shingo ikaanza kusimama, na kabla hajatoa hata herufi Bi Safina ameshampongeza, yuko swali la mbele. Midomo ikafungwa. Swali lingine, ikafunguka, ikafungwa. Kama samaki. Bibi Maximilla akatikisa kichwa. "Uyo mama arauliza, arijibu mwenyewe," akasema kwa Kiswahili chake. "Mtoto anamtakia nini?"

Nilitoka pale mbio hadi dukani. "Saady! Vile vipindi vya mwalimu umevifanya nini?"

"Sijafanya kitu, dada. Vilikuwa na vimya virefu mno. Mama anauliza, halafu kimyaaa. Nikavinyoa."

"Ukavinyoa?"

"Si ndivyo ninavyofanya kadi zote?"

Na kweli ndivyo anavyofanya. Wateja wetu wa hapa hawataki kadi inyamaze. Mtu anasikiliza mahubiri shambani, mhubiri akivuta pumzi, huyo mteja anarudi dukani na simu mkononi: imekufa hii! Na chaji ya simu ni ya kulipia, nani atalipia ukimya? Kwa hiyo Saady ana programu yake kwenye kompyuta, kila sehemu isiyo na sauti inakatwa, kadi inajaa kelele mwanzo mwisho, na watu wanamsifu mpaka Kakonko. Nilitaka kumnasa kibao na wakati huohuo nikakosa pa kumshikia kosa.

Ghati, nilipomweleza, hakukosa. Alimfokea kijana wa watu mbele ya wateja mpaka Saady akanywea kabisa. "Mwanangu anajitahidi kujibu, wewe unamkata! Kila siku unamkata! Unajua umefanya nini?" Vipindi vyenyewe Saady alikuwa ameshavifuta kupata nafasi, ikabidi arudi Kasulu, na mvua zilikuwa zimeanza. Gari lilizama kwenye tope wakalala njiani. Alirudi na tope hadi masikioni, na vipindi vyote vikiwa na vimya vyake.

Safari hii Ghati alisikiliza na sehemu ya wazazi, akizunguka uani na spika mkononi. Bi Safina akasema, "Mama mwenzangu, nikinyamaza mimi, na wewe nyamaza. Hapo ni zamu ya mtoto." Ghati akanigeukia. "Umesikia? Mwambie mdogo wako asikie!"

Shule zikafungwa, akawa nyumbani kutwa. Nikaenda kutazama. Bi Safina akauliza nani anakupikia chai, akanyamaza. Epifania shingo ikasimama. "B... b..." Na Ghati, aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, "Bibi! Sema Bibi Maximilla! Haya, sema!" Spika ikasema hongera sana. Mtoto akaitazama spika, akamtazama mama yake, akainama. Nikajua tumerudi palepale.

"Mwalimu, mwache amalize."

"Namsaidia, Adija! Huoni anavyoteseka? Januari ni kesho kutwa tu!"

Alikuwa analia huku anaongea.

Siku aliyokwenda Ghati benki kufuata mshahara ndipo nilipoona. Nilipita uani, Bibi anachambua maharage, hakuniona. Bi Safina akauliza swali. Epifania akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha spika, yule mama akakatika. Kisha mtoto akachukua muda wake. Akahangaika na lile neno, likamgomea, akapumzika, akalirudia. "Bi... Bibi Maximilla." Bibi hata macho hakuinua. Epifania akabonyeza tena. "Hongera sana!" ikasema spika, na mtoto akacheka kwa sauti, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu chekechea. Nilijifuta machozi kwa ushungi nikaondoka kinyumenyume.

Kosa langu sikuweza kunyamaza. Ghati aliporudi nikamsimulia, akatupa mkoba, akakimbilia ndani: "Epi! Fanya tena mama akuone! Mwambie! Bibi nani?" Yakaishia hapo.

Januari ikaja. Ghati alinibembeleza nimsindikize. Ofisini Mwalimu Stanislaus alikuwa nyuma ya meza, wazazi wamejaa dirishani, watoto wanapiga kelele nje. Akamwinamia Epifania kwa upole. "Karibu, mama. Unaitwa nani?"

Shingo ikasimama. Mishipa ikatoka. Dirishani mtu akaguna. Nikahesabu pumzi zangu, nikamwomba Mungu. Mwalimu Stanislaus akashika kalamu.

"Anaitwa Epi..." Ghati akaanza.

Mtoto akamgeukia. "Ma... mama, ngoja!"

Ghati mdomo wazi. Mwalimu Stanislaus akaiweka kalamu chini polepole, akakunja mikono, akangoja. Sijui ilichukua muda gani. Epifania alifumba macho, akafumbua.

"Na... naitwa Epifania."

"Unakaa na nani?"

Akakaa nalo hilo pia mpaka likatoka. "Na mama. Na Bibi Maximilla."

"Darasa la kwanza," akasema mwalimu mkuu. "Na mwalimu wa darasa hilo nitazungumza naye mimi." Watu wa dirishani wakapiga makofi, Mungu awabariki, umbea wao wote niliwasamehe pale.

Nikamvuta Ghati nje kwenye kibaraza. Nilidhani atarukaruka, atanikumbatia. Alisimama tu, mkono kifuani.

"Adija," akasema, "hivi na mimi nilikuwa namkata?"

Ningeweza kumdanganya, siku yenyewe ilikuwa ya furaha. Lakini nilimkumbuka Saady wangu alivyofokewa mbele za watu.

"Kila siku, mwalimu. Tangu niwafahamu."

Akafungua mdomo ajitetee, akaufunga. Akakaa kwenye ngazi, chini kabisa, na sketi yake ya kazini. Epifania akatoka ofisini, akaja akasimama mbele yetu, ana jambo, na jambo lenyewe likamkaba. Nikauona mkono wa Ghati unacheza magotini. Akaushika kwa mkono wa pili, akaubana. Tukamngoja mtoto hadi akamaliza. Alikuwa anaomba maji ya kunywa.