Unga wa muhogo kwenye injini ya babu

Leo nimenyunyizia injini unga wa muhogo, na mume wangu akaniuliza kama ndoa imeshanichosha.

Gari ni la babu yake, la enzi za Uhuru. Tumelifufua wenyewe, lakini oili ilikuwa haiachi kuvuja. Baba mkwe akasema likichafua tena ua wake, anawaita watu wa vyuma chakavu.

Basi tukaifuta injini ikauka, nikanyunyiza unga utuonyeshe oili inapotokea, tukawasha.

Unga ukabaki mweupe, isipokuwa mstari mmoja mweusi uliotoka kwenye bolti iliyolegea, nyuma kabisa, ambako mpenzi wangu hakuwahi kuangalia.

Akaikaza. Akanibusu na grisi zake zote, mbele ya baba yake, jamani.

Mzee akasubiri, kisha akapitisha kiganja chini ya injini. Kikatoka kikavu. Akampita mwanawe, akanipa mimi funguo.

"Mkwe, endesha wewe. Huyu atakaa pembeni."

Amekaa pembeni hadi Kigongo, anatabasamu tu. Semeni ukweli, sijaolewa vizuri?