Muhuri Usioazimwa

Mtu akikuomba mkate, usimwambie hapana. Oydinoy alifundishwa hivyo tangu utotoni, hapa hapa mjini Kokand, na sisi sote mtaani tulifundishwa hivyo hivyo, ila wengine tulijua kujificha jikoni mtu akibisha hodi. Oydinoy hakujua kujificha. Ukimwagiza kumi ya Jumatano, ndiyo. Hamsini ya harusi ya Alhamisi, ndiyo. Alisema ndiyo kwa miaka saba, tangu mumewe Ergash aliporudi kutoka Urusi na mgongo ulioharibiwa na kazi za ujenzi, na tanuri la udongo la uani likawa ndiyo riziki ya nyumba nzima.

Mikate yake ilikuwa na jina. Katikati ya kila mmoja palikuwa na nyota ya pembe nane, iliyotobolewa kwa muhuri wa misumari alioachiwa na mama yake. Mama huyo alimwambia kwamba anayeazimisha muhuri ameazimisha na baraka zake. Basi Oydinoy alikanda mwenyewe, akagonga muhuri mwenyewe, akabandika mwenyewe kwenye kuta za ndani ya tanuri. Wifi yake, Saodat, aliruhusiwa kuleta vijiti vya mipamba vya kuwashia moto, na kazi yake iliishia hapo. Mwezi ule wa Mei, mwezi wa posa, usingizi wa Oydinoy haukuzidi muda wa saa tatu kwa siku. Alikuwa akisinzia huku anachota maji. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini nani angemwambia? Kila aliyeweza kumwambia alikuwa anakula mkate wake.

Jumapili moja Mastura, mke wa muuza mazulia, alikuwa anapeleka posa ya mwanawe. Aliagiza mikate sitini, na gari lingekuja kuichukua saa sita mchana. Posa kwetu haifungwi kwa karatasi. Inafungwa wazee wanapovunja mkate mbele ya pande zote mbili, na ukifika kwa wakwe mikono mitupu umewatukana. Mwokaji aliyesababisha tusi la namna hiyo hataagizwa tena hata mkate wa supu. Oydinoy alilijua hilo.

Saa mbili asubuhi tanuri lilikuwa limeiva, kuta zake nyeupe kwa joto. Sasa, kuna jambo ambalo hata binti wa miaka tisa analijua: kabla ya kubandika, unanyunyizia kuta maji ya chumvi ili mkate ushike. Bakuli la maji hayo lilikuwa miguuni pake. Oydinoy, kwa usingizi, alilisahau, akainama ndani ya tanuri, akabandika mikate kumi na miwili. Kisha akajiinua, akavua glavu ya mkono wa kulia ili afunge upya kitambaa chake cha kichwa.

Ndipo aliposikia mkate wa kwanza unabanduka.

Mtu mwingine angesema potelea mbali. Kwetu mkate hauwekwi kifudifudi, haukanyagwi, wala hauachwi ukaanguka majivuni. Mkono ulikwenda wenyewe, mtupu, ukaudaka mkate ule juu ya makaa. Akautoa kweli. Iliyobaki ikaporomoka yote, na Oydinoy akapiga yowe lililomtoa mama mkwe wake, Bahriniso, chumbani bila viatu.

"Mama, nimeuokoa," alisema, mkate ameukumbatia kifuani.

"Umeuokoa mkate, na mkono je? Tia majini huo! Una wazimu wewe?"

Kiganja kilikuwa chekundu, malengelenge yameanza kuinuka. Juu ya ukuta wa jirani kikatokeza kichwa cha Hidoyat, ambaye naye alikuwa mwokaji. Hawa wawili hawakuwa wamesalimiana kwa miaka miwili, tangu Oydinoy aseme mbele ya watu kwamba mkate wa Hidoyat unafaa kwa bata.

"Nasikia harufu ya mkate ulioungua," alisema Hidoyat. "Leo bata wangu watashiba."

"Shuka ukutani, mbea wee!"

"Nishuke huku, au huko kwako?"

Oydinoy alikwishamgeukia Saodat, akamwagiza unga wa wateja wa kila siku ufinyangwe kujaza pengo, kisha akavaa glavu mkono wa kushoto. Alinyunyiza maji ya chumvi, akainama. Mkate wa kwanza ukashika upande upande. Wa pili ukajikunja. Wa tatu ukaanguka, na safari hii alibaki anautazama tu, machozi yanamtiririka. Ilikuwa imefika saa tatu na nusu. Juu ya meza vitonge vya unga vilikuwa vinavimba chini ya vitambaa, na unga ukishavimba hausubiri mtu. Ukipitiliza unakuwa mchachu, na mkate unalala.

"Wifi," alisema Saodat, "kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe sasa hata hicho kimoja huna. Nipe muhuri."

"Wewe? Umewahi kuoka lini?"

"Miaka saba nimesimama nyuma yako na vijiti. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

"Muhuri wa mama yangu hauazimwi."

"Basi azima tanuri," alidakia Hidoyat. Alikuwa bado yuko ukutani. "Langu lina moto, na unga wangu nimemaliza. Lakini sitaoka mikate yako ikatoka na alama yangu, nikapewa lawama za Mastura. Ukitaka, lete na muhuri."

Bahriniso alikuwa anapaka yai kwenye kiganja cha mkwewe, kitambaa cha kukifungia kiko begani. Hakuinua uso. "Nimezika mume, nimeuguza mwana," alisema. "Sina nguvu ya kukuuguza na wewe. Amua upesi, unga unakwenda."

Oydinoy aliutazama muhuri ule, mpini wake umelainika kwa mikono miwili tu, wa mama yake na wake. Aliogopa kweli. Aliogopa kwamba akiuachia, kesho watu watagundua hahitajiki, na nyumba hii italala njaa. Kisha akakiangalia kiganja chake, akaona kwamba hata asipouachia, kesho mkono wenyewe haupo. Akampa Saodat.

Saa mbili zilizofuata zilikuwa za kufa na kupona. Saodat alioka kwenye tanuri la nyumbani, Hidoyat kwenye la kwake, na muhuri ule mmoja ukawa unavuka ukuta, unakwenda na kurudi, huku Bahriniso akiupokea upande mmoja na kuurusha upande wa pili. Oydinoy alikimbia kati ya matanuri mawili, anafoka. "Toa sasa! Huo bado, uache!" Hidoyat akamjibu, "Nyamaza, au nakurudishia unga wako mbichi!" Saa tano unusu walikuwa na arobaini na mitano. Saa sita kasoro robo, hamsini na sita. Honi ilipolia langoni, wa sitini ulikuwa bado unafuka moshi mkononi mwa Saodat.

Mastura aliikagua, akaridhika. "Sasa nichagulie miwili ya mkono wako mwenyewe," alisema, "hiyo ndiyo wazee wataivunja."

Saodat akatazama chini. Ilikuwa rahisi kunyoosha kidole popote, kwani nyota zilikuwa sawasawa na rangi sawasawa. Oydinoy alitafuta walau dosari moja ya Hidoyat, hakuiona, na jambo hilo lilimuuma kuliko kiganja.

"Wangu haupo hata mmoja," alisema, akauonyesha mkono uliofungwa. "Saodat ameoka nusu, Hidoyat nusu."

Mastura akachukua miwili ya juu bila kuchagua. Alipofika langoni aligeuka, na maneno yake hayakumwendea Oydinoy. "Hidoyat, Jumapili ijayo nina wageni. Unaweza sitini?"

Hidoyat, bado yuko ukutani, masizi usoni, akachangamka. Mdomo ulikwisha kufunguka kusema ndiyo. Oydinoy aliyaona macho yale, akayatambua, maana ni yake mwenyewe ya miaka saba iliyopita. Wivu ulimpanda. Akaumeza.

"Mwambie ishirini, na iwe Jumamosi," alisema. "Ishirini Saodat, na ishirini mimi nikipona. Jumapili hakuna moto, kwangu wala kwako."

"Ah! Tangu lini unanipangia kazi?"

"Tangu leo. Au ulete mkono wako nikuonyeshe pa kuuchoma."

Hidoyat alikitazama kiganja kile, kisha akamgeukia Mastura. "Umesikia, dada," alisema. "Jumapili hapana."