Kesi ya Roketi Gerejini

Kesi ilianza na koti. Mume wangu alikuwa na suti ya kijivu aliyoipenda kuliko zote, na Jumapili moja tukiwa kanisani mjini Saint Paul, huku Marekani, mama aliyekaa mbele yetu akageuka mara mbili kutafuta harufu inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwenye koti. Kabati la makoti lilikuwa pale kwenye mlango wa kutoka jikoni kwenda gerejini, na upande wa pili wa mlango huo nilikuwa nimeshinda Jumamosi nzima nikigundisha mapezi ya roketi. Gundi ile ikinuka, inanuka kweli. Tulipofika nyumbani Inver Grove Heights, mume wangu alilegeza tai, akaniambia kwamba sasa anakwenda kuwaita wasimamizi.

Wasimamizi ni wale waliotusimamia siku ya ndoa. Kwetu kazi yao haiishii kwenye kukata keki. Mkigombana, wao ndio mahakama ya kwanza, na sisi tulikuwa na bahati mbaya kwamba wetu walihamia Minnesota kabla yetu na walikaa mwendo mfupi tu kwa gari.

Naomba nieleze roketi yenyewe, maana watu wakisikia neno hilo hufikiria ama kitu cha serikali ama fataki. Yangu haikuwa kimojawapo. Ilikuwa karibu urefu wangu. Mwili wake ulikuwa bomba la karatasi ngumu ambalo dukani lilikuwa limezungushiwa zulia, nikalivisha kitambaa cha nyuzi za kioo na kulinywesha gundi mpaka ukiligonga linalia kama mlango. Mapezi nilikata kwa plaiwudi. Pua nilikereza mwenyewe kutoka kwenye gogo la msonobari, nikaharibu ya kwanza kwa haraka zangu, nikakereza nyingine. Parachuti nilishona kwa nailoni nyekundu kwenye cherehani ileile niliyoshonea mapazia. Kitu pekee cha kununua kilikuwa injini, kwa sababu hiyo mtu anayependa vidole vyake hatengenezi nyumbani.

Mchana nilikuwa mchoraji wa mashine katika ofisi moja Eden Prairie. Nilichora vali ambazo mtu mwingine alizibuni na mwingine angezitengeneza, na mchoro ukishatoka mezani kwangu sikuuona tena. Nilitaka kitu kimoja tu kitoke kichwani mwangu kipite mikononi mwangu kiende juu. Hilo nililitaka kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu bila kupandisha sauti, kwa hiyo mara nyingi nilipandisha sauti.

Mume wangu naye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki. Alifanya kazi hospitali, akitoka alfajiri, na gari lake alilolipenda kama mwali lililala nje, kwa kuwa ndani kulikuwa na meza yangu, mashine ya kukereza na bomba la zulia. Majira ya baridi yaliyopita alikwangua barafu kwenye kioo kila asubuhi vidole vikifa ganzi. Sasa majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na alijua kinachofuata.

Wasimamizi walikuja Jumamosi. Tuliwaamkia, tukawapa chai na maandazi, na baba msimamizi akafungua kikao kwa sala kama kawaida yake. Mume wangu alitoa malalamiko yake kwa utulivu: koti, harufu, barafu. Akaongeza siku niliyosimama uani nikiizungusha ile roketi kwa kamba juu ya kichwa changu, kama mtu anayefukuza ndege shambani kwa kombeo, majirani wakitazama. Nikamjibu kwamba lile lilikuwa jaribio. Roketi ikizungushwa lazima pua itangulie. Mkia ukitangulia, ikirushwa itageuka hewani iwarudie wenyewe. Mara ya kwanza mkia ulitangulia kweli, nikaongeza ndani ya pua vipande vya madini ya risasi, vile wavuvi wanavyozamishia ndoano, na mara ya pili ikakaa sawa. Baba msimamizi alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za ugonjwa.

Mama msimamizi ndiye aliyeuliza swali lililobaki.

“Na kikishakwenda huko juu, kinarudi?”

“Kinarudi, mama.”

“Kizima?”

“Kizima.”

Basi hukumu ikawa hiyo. Watakuja kuona kwa macho yao. Roketi ikienda na kurudi nzima, gereji ni yangu mpaka theluji iyeyuke. Ikipotea au ikivunjika, natoa vyombo vyangu vyote na gari linaingia ndani, na maneno ya roketi yasisikike tena nyumba ile. Nilikubali kabla baba hajamaliza. Mume wangu akanitazama, akasema taratibu kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, nikamwongezea chai.

Klabu ya warushaji roketi ilikuwa na shamba la nyasi ililolitumia, kaskazini, ukipita mji wa Anoka. Ilibaki siku moja tu ya kurusha kabla ya majira ya baridi. Mimi nilifika mapema, nikaweka injini, nikakunja parachuti na kuipaka poda ya watoto isishikane kwa baridi. Mzee wa Kimarekani aliyesimamia urushaji aliikagua roketi, akavuta kila pezi kwa nguvu, akaridhika. Mume wangu alikaa garini na suti yake ya kijivu, maana tulipotoka hapo tulikuwa na harusi. Wasimamizi hawakuonekana.

Asubuhi ilikuwa shwari kabisa, bendera imelala kwenye mti wake. Yule mzee aliniambia nirushe. Nikamwambia nasubiri watu. Akaniuliza watu gani, nikashindwa kumweleza kwamba nasubiri mahakama. Kesi ya wasimamizi haifungwi bila wasimamizi. Ningeirusha mbele ya Wamarekani mia, bado nyumbani ningekuwa sijarusha kitu. Jua likapanda. Bendera ikaanza kujinyoosha.

Walifika upepo ukiwa umeshaamka, baba na tai, mama na kitenge na sufuria kubwa ya pilau imefungwa kwa taulo. Ndiyo iliyowachelewesha. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto, lakini mama aliniambia mtu haendi kwenye shughuli ya mwenzake mikono mitupu, na nikajikuta nasema shikamoo na kupokea sufuria.

Yule mzee alinyoosha mkono kuelekea mashariki, lilikoanzia shamba la mahindi makavu yasiyovunwa. Alisema upepo huu utaibeba mpaka kule, na wengine wameamua kuacha. Uamuzi ni wangu, lakini ndio mzunguko wa mwisho. Nilitazama mahindi, nikatazama gari lililokuwa na mume wangu ndani. Niliogopa, na nikasema tunarusha.

Baba msimamizi alitaka kuomba kwanza. Akaomba kwa Kiswahili, kwa kirefu, na Wamarekani wakavua kofia zao. Kisha mzee akahesabu kurudi nyuma, nikabonyeza kitufe.

Ilipasua hewa kama shuka jipya linachanwa. Sikuiona ikiondoka, niliona moshi, kisha nikaiona juu sana, nyembamba, imenyooka, inapanda kwa ile njia niliyoipa kwa vipande vya risasi na kamba uani. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Injini ikanyamaza, roketi ikaendelea kupanda kimya, ikapunguza mwendo, ikalala, na kukasikika mlio mdogo wa baruti inayosukuma parachuti nje. Kisha nailoni yangu nyekundu ikafunguka yote. Mama msimamizi alipiga kigelegele kilichowageuza watu wote pale shambani, na mimi nikalia bila aibu, kwa furaha tupu.

Upepo ukaichukua. Ilishuka pole pole ikienda mashariki, ikavuka mpaka wa nyasi, ikazama katikati ya mahindi.

Pale kuna kanuni. Aliyeona roketi ilipozamia anasimama palepale na kuonyesha kwa kidole, bila kugeuza shingo, na wengine wanafuata kidole chake. Ukitembea hatua chache tu, mahindi yote yanafanana. Kwa hiyo nilisimama na mkono wangu umenyooka, na aliyetoka mbio kufuata mkono huo, kabla ya mtu mwingine kusogea, alikuwa mume wangu na viatu vyake vya harusi. Mahindi yakajifunga nyuma yake.

Ndipo nilipofikiria. Mdai wangu alikuwa peke yake na kesi yenyewe, mahali asipoonekana na mtu. Pezi la plaiwudi linavunjika kwa kisigino kimoja. Angerudi na kusema ilianguka vibaya, na nani angebisha? Gari lingelala ndani. Nilimwogopa mume wangu kuliko nilivyouogopa upepo, na nadhani ilionekana usoni, kwa sababu mama msimamizi alikuja akasimama karibu yangu.

“Mwanangu,” alisema, “usimwazie mabaya. Huyo kijana nilimsimamia mimi.”

Mkono uliniuma. Nilikataa kuushusha. Mahindi yalitikisika mbali, yakatulia, yakatikisika karibu zaidi. Kisha akatoka.

Alikuwa amebaki na shati. Koti la kijivu alikuwa amelivua na kuifunika nalo roketi kuanzia mapezi hadi katikati, akaikumbatia kifuani na kutembea kinyumenyume kutoka kwenye mahindi ili mabua yamkwaruze yeye mgongoni. Parachuti alikuwa ameikunja vizuri kama shuka la wodini. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaiweka mikononi mwa baba msimamizi, akasubiri aigeuze yote na kupapasa pezi moja moja.

“Ilikuwa imening'inia kwenye mabua,” alisema, akihema. “Nikaogopa kuivuta, ingevunjika. Ikabidi niinamishe bua moja moja.” Akapangusa uso. “Ni nzima, baba. Asiyekubali kushindwa si mshindani.”

Tulikula pilau pale pale nyuma ya gari, sisi na yule mzee na wenzake, na harusini tulichelewa sana. Theluji ilianguka wiki hiyohiyo, na gari likalala nje.

Jumapili nilimwambia aache lile koti, nitalipeleka kwa dobi, maana sasa lilinuka gundi na baruti pamoja. Alikuwa ameshalivaa. Alisimama nje nalo akikwangua kioo, na kanisani yule mama wa mbele alipogeuka kutafuta harufu inatoka wapi, mume wangu aliinama na kumnong'oneza, kwa sauti ambayo safu tatu zilisikia, kwamba ni koti lake, na kwamba mke wake amerusha roketi.