Sharifu wa Kwemtindi

Ukitaka kusifiwa, usiende kwa Nargis Abdulrasul. Mtaa mzima wa Makorora, Tanga, wanalijua hilo tangu alipoanza kushona magauni ya harusi, nywele zake zikiwa bado nyeusi. Bibi harusi akijigeuza mbele ya kioo na kuuliza kama amependeza, Nargis humwambia bila kumung'unya maneno: kiuno kimebana, rangi haikufai, vua tuanze upya. Wapo waliotoka kwake wanalia, na wapo waliorudi baadaye kumshukuru. Mwenyewe husema hakufunzwa kudanganya utotoni, na sasa keshazeeka, masomo mapya hayamwingii.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi, alipopanda gari la Mudathir, dereva anayempeleka hospitali kila mwezi, hakuzunguka.

"Mudathir mwanangu, leo twenda kufukua kaburi. Kama waogopa sema sasa, nitafute gari jingine."

Mudathir alilitazama furushi la sanda mapajani mwa Nargis, akaitazama sepetu iliyolazwa nyuma, kisha akawasha gari. "Bi Nargis, na mimi nilidhani hiyo sepetu ni ya bustani," alisema, na hakutania tena mpaka walipotoka mjini.

Kaburi lilikuwa la mdogo wake, Mehreen. Mtoto huyo alikufa kwa surua kabla hajatimiza mwaka, huko Kwemtindi, katikati ya mashamba ya mkonge, ambako familia yao ilikuwa na duka enzi za Mwingereza. Nargis alikuwa msichana mdogo wakati ule. Mama yao aliishi mpaka akapita miaka tisini, na siku zake za mwisho alimshika Nargis mkono akamwomba jambo moja tu: mtoto aletwe Tanga, alazwe kando yake. Mama alifariki mwaka juzi. Nargis akawa anasema kesho, kesho, hadi Mudathir alipomletea habari kwamba shamba limepata wenyewe wapya, wanang'oa mkonge wote wa zamani ili wapande upya, na matrekta yameshafika Kwemtindi. Maulana wao alimwambia kwamba kaburi likiwa hatarini kulimwa, kumhamisha maiti yafaa. Nargis hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Walipita Pongwe, wakapita Muheza wauza machungwa wakipanga mafungu yao, wakaacha lami na kuingia njia ya vumbi. Hapo ndipo mkonge unapoanza, na ukishaanza hauishi. Nchi imelala tambarare, mistari imenyooka kushoto na kulia, na juu yake hamna kitu ila anga na milingoti ya maua iliyokauka. Wapo watu wanaolipa nauli za ndege kwenda kutazama nchi pana za wenzao. Hii yetu tunaipita tumesinzia.

Nargis hakusinzia. Alimsimulia Mudathir jinsi babu yake alivyotoka Bara Hindi akiwa kijana asiye na ndevu, akafika huku na punda aliyebeba chumvi, kaniki na mafuta ya taa, akasimamisha kibanda cha bati wakati korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, bado haijasimikwa.

"Sisi ndio tulioifungua nchi hii," alisema, kwa sauti ile ile ya baba yake.

"Na babu yangu je?" Mudathir aliuliza taratibu. "Alitoka Kigoma kwa treni, wakampa namba badala ya jina. Haya mapori nani aliyafyeka, Bi Nargis?"

Nargis alitaka kujibu, akaona jibu lake ni jepesi mno. Aibu ilimpata, na hakuificha. "Wasema kweli," alikiri. Wakaipita korona yenyewe, paa limebomoka, reli ndogo ya kubebea majani imefunikwa na nyasi. Wakazipita kambi za manamba, kuta zake zimebaki hadi magotini. Huko wameishi watu waliotoka kila pembe ya nchi, wamezaa, wamekufa, na leo hata mbuzi hafungwi pale.

Duka lilikuwa limebaki sakafu. Nargis alishuka, akasimama pale palipokuwa na kaunta, akageukia upande wa kaburi. Matrekta yalikuwa yamekwisha kulima pande zote, udongo mwekundu umepinduliwa, visiki vya mkonge vimelala juujuu. Lakini katikati ya shamba kilikuwa kimeachwa kichaka kidogo, na ndani yake lilionekana kaburi limepakwa chokaa, limefunikwa kitambaa cha kijani. Moshi wa udi ulikuwa unapanda. Mwanamke mtu mzima, rozari shingoni, alikuwa akifagia majani.

"Shikamoo dada," alisema yule mwanamke. "Karibuni kwa sharifu. Viatu tunavua hapa."

"Marahaba. Sharifu gani?"

"Huyu. Mzee wa zamani, alitoka pwani kwa miguu akisomesha watu dini. Watu wanamletea shida zao, na wanasaidiwa."

Damu ilimpanda Nargis kichwani. "Mzee? Mzee wa wapi! Huyu ni mdogo wangu Mehreen! Hakuwahi hata kutembea!"

Fagio lilisimama. Mwanamke alimkazia macho, kisha akajifunika mdomo kwa mkono.

"Wewe ndiye Nargis," alisema. "Mimi Praxeda. Mama yangu alikuwa yaya wenu. Alimbeba huyu mtoto mpaka siku ya mwisho."

Wakaketi chini wote wawili, na Praxeda akaeleza yote. Duka lilipofungwa na familia ikahamia Tanga, shamba lililimwa upya mara ya kwanza. Trekta lilipita juu ya makaburi ya manamba, mifupa ikatoka pamoja na udongo, na mchana ule ule watu waliamriwa kupanda miche juu yake. Yaya aliona kaburi la Mehreen litafuata. Usiku huohuo alianza kunong'ona kwa majirani kwamba pale amelala sharifu. Watu walikuwa wamezoea kumwona mwenye duka akija kila Alhamisi na udi, akitandika kitambaa cha kijani na kusoma. Hawakuhitaji kushawishiwa. Na tangu hapo hakuna msimamizi aliyethubutu kusogeza jembe pale.

"Basi watu wakaanza kuzika watoto wao huku pembeni, kwa siri," Praxeda alisema. "Huku trekta halifiki."

Hapo Nargis akayaona. Mawe madogo, yamezama kwenye nyasi, yamelizunguka kaburi pande zote, mengine makubwa kama mkate tu. Alikuwa ameyapita bila kujua. Praxeda alimwonyesha wadogo zake wawili, kisha jiwe la mwanawe wa kwanza. "Sisi Wakatoliki, lakini sharifu hakumkataa mtu."

Nargis alimkasirikia yaya kwa kumnyang'anya mtoto jina lake. Hasira hiyo haikukaa. Ilimtoka ikamwachia uchungu mtupu, na akalia mbele ya watu, jambo ambalo hata mazikoni kwa mama yake hakulifanya.

"Ni wako," Praxeda alisema. "Ukimchukua, mimi sina neno. Ila mkishaondoka naye, trekta litapita."

Pikipiki ilikuja ikitimua vumbi. Aliyeshuka alikuwa Zebedayo, msimamizi wa kulima, jasho linamtoka, simu mkononi. Mudathir, aliyekuwa ameshaishusha sepetu garini, aliificha nyuma ya mgongo wake.

"Shikamoo bibi. Samahani, naona umekuja kuzuru. Wakubwa wanataka kipande hiki kilimwe leo, na madereva wangu wamegoma. Mimi Msabato, mambo haya siyajui. Wewe Mwislamu, mtu mzima, huwezi kunidanganya. Hapa pana sharifu kweli, au ni maneno ya watu?"

Praxeda aliinamisha kichwa. Nargis alimfikiria mama yake kule makaburini Tanga, na ile nafasi iliyoachwa ubavuni mwake. Akayatazama mawe.

"Pana sharifu," alisema. "Nimetoka mjini kuja kumzuru. Na hawa waliomzunguka ni wanafunzi wake. Ukimgusa mmoja umewagusa wote."

Zebedayo alishusha pumzi. "Basi nitawaambia wakubwa, na nitaweka kibao. Jina lake nani, bibi?"

Nargis alilitazama kaburi. "Halijulikani, mwanangu. Andika Sharifu tu."

Zebedayo alipiga simu matrekta yazungushwe. Nargis akavua viatu, akasimama ubavuni mwa Praxeda, akamsomea mdogo wake Fatiha kimoyomoyo, asije akasikika akilitaja jina.