Nilivyoitoa Siri ya Mama Sabina Kwenye Spika

Nimekaa na aibu hii miezi mingi, na hata leo nikiona spika kubwa mahali popote, iwe harusini au kanisani, naitafutia kiti cha mbali, kwa hiyo acheni niitoe leo, mnicheke, halafu yaishe (hayataisha, nawajua).

Mnajua kazi yangu. Niko kwenye kituo cha utafiti wa ustawi wa jamii pale chuoni, na kazi yenyewe ni kwenda kukaa na watu, kuwahoji na kuwarekodi, kisha kurudi ofisini kuandika neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi. Sheria yetu ya kwanza ni kwamba sauti ya mtu haitoki ofisini. Kinasa sauti kinafungiwa kabatini na ufunguo anao mkuu wetu, Dakta Nyamizi, mama wa Kisukuma mpole ambaye akikasirika anazidi kuwa mpole, na hapo ndipo unapoogopa. Sasa mimi Ijumaa moja nikaona uvivu, yaani Jumamosi nitoke nyumbani Buhongwa mpaka ofisini kwa ajili ya mtu mmoja tu? Nikayahamishia mahojiano yake kwenye simu yangu, nikayaandikie nyumbani. Nani angejua?

Mtu mwenyewe alikuwa mjane wa Ukerewe, nimwite Mama Sabina (jina lake halisi silitaji, safari hii kweli). Mumewe alipofariki, shemeji yake alilitaka shamba, akawa anazisaka karatasi za shamba hilo kila kona, maana bila karatasi hana lolote. Mama Sabina alikuwa amezificha kwa mtu, na siku ya mahojiano alinitajia ni nani, kwa sababu mimi huyu huyu nilimwapia kwamba hayatatoka.

Wiki mbili baadaye tukavuka ziwa kwenda Nansio, huko huko Ukerewe, kwa mrejesho. Kwetu hatuchukui maneno ya watu tukapotelea nayo, tunarudi, tunawaita, tunawasomea tulichojifunza. Ukumbi ulijaa. Shemeji mtu alikaa mstari wa mbele karibu na mwenyekiti wa kijiji, miguu ameinyoosha, na Mama Sabina alikaa nyuma kabisa kati ya wanawake wa kwaya. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaunganisha simu yangu na ile spika kubwa isiyotaka waya, nikapiga muziki watu wachangamke. Wakati wa sala nikauzima muziki. Simu sikuitenganisha na spika.

Sala ilipokwisha Dakta akaninong'oneza, "Koku, kwenye urithi una maneno ya mama yeyote tuwasomee, bila jina wala kitu cha kumtambulisha?" Nikasema ninayo. Kufungua karatasi zangu, pale pale kwenye sentensi nzuri nilikuwa nimeandika "haisikiki". Nikasema si tabu, nikatoka, nikaenda nyuma ya ukumbi karibu na tangi la maji, nikaweka simu sikioni nisikilize upya.

Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikarudisha mwanzo, kimya, nikaitukana simu, nikarudisha tena mwanzo, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Ndani nikasikia mtu anaongea kwa kipaza sauti, nikajua mwenyekiti ameshaanza hotuba zake, basi nikaharakisha, nikaruka mbele mpaka pale mama anaposimulia habari za karatasi. Mara wanawake wakaanza kuimba. Makofi, vigelegele, miguu inapiga sakafu. Nikajisemea mkutano umenoga, kumbe muziki wangu umesaidia (jamani, mimi!), nikaendelea kubonyeza.

Dakta akatokea pembeni ya ukuta. Anatabasamu.

"Koku, mwanangu, zima simu."

"Dakta, yenyewe haitoi hata sauti."

"Inatoa. Zima."

Nikatazama kioo cha simu, nikaona jina la spika, nikazima.

Nilikuja kuelezwa kwamba ukumbi mzima ulinisikia mara tatu nikisema, "Mama, jina lako halitatajwa popote," na mara ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Dakta alikuwa anabonyeza kila kitufe cha spika na spika inabadilisha taa tu, nyekundu, kijani, bluu. Sauti ya Mama Sabina ilipoanza, kiongozi wa kwaya aliitambua, na iliposema "karatasi" akasimama akaanzisha wimbo wa kukaribisha wageni, wageni ambao tulikuwa tumeshakaribishwa zamani. Kila nilipoongeza sauti, wale mama nao wakaongeza.

Tuliporudi ndani, shemeji alikuwa amesimama.

"Naomba kuuliza. Yule aliyekuwa anaongea ni nani?"

"Hilo ni kosa letu," Dakta akasema, "na swali hilo sitalijibu."

"Mimi nimesikia karatasi."

"Sitalijibu, baba."

Akatutazama, akachukua kofia yake, akatoka. Nikageuka kumtafuta Mama Sabina, kiti chake kitupu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikujua shemeji alisikia mpaka wapi, kama jina la mwenye kuzitunza karatasi lilimfikia, na kama sasa hivi yuko njiani kwenda kwa huyo mtu. Na Dakta bado akanipa karatasi nisome mbele ya watu matokeo ya utafiti, na nikasoma, ukurasa wa tatu nikausoma mara mbili na hakuna aliyenisahihisha.

Watu wakiwa wanatawanyika, Mama Sabina akaingia kwa mlango wa nyuma. Vumbi mpaka magotini, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama," nikasema, na machozi yakanitoka.

Aliitikia huku akifuta jasho. "Marahaba."

"Mama, amefika? Amezipata?"

"Amefika. Mimi nilitoka wimbo ulipoanza tu, nikapita njia ya mihogoni, nikamtangulia. Zimehama." Akanyoosha kidole kwenye simu yangu. "Futa hayo."

Nikafuta, yeye akiangalia kioo. Akamgeukia Dakta, akataka na ya kwenye kinasa yafutwe, na aliyoandika huyu binti yachanwe, na Dakta akasema ni haki yake, yatafutwa kesho asubuhi. Mahojiano mazuri kuliko yote ya mradi ule, yakaisha hivyo.

Niliapa siku ile, na narudia mbele yenu, sauti ya mtu nitaisikilizia ofisini, mlango umefungwa, hata kama ni Jumamosi na mvua inanyesha. Nilimwapia hata Mama Sabina mwenyewe, nikambembeleza, mama, naomba uniamini tena, nimekoma. Nikamuuliza kama angalau huko zilikohamia ni salama.

"Ni salama," akasema, "kwa sababu wewe hupajui."