Afande mstaafu wa magereza Mbale alivyoisoma serve yangu ya tenisi bila kujua tenisi ni nini

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Miaka miwili nimekuwa napita humu kimya kimya nikisoma nyuzi za wenzangu. Leo na mimi nimeamua kufungua mdomo. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mcheza tenisi. Ndiyo, tenisi. Natoka Jinja, Uganda, na ni professional, ingawa ukitafuta jina langu kwenye orodha ya dunia itabidi ushuke chini mpaka kidole kichoke.

Nimezaliwa Walukuba, hapo hapo Jinja, kwenye zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwanda zamani. Baba ana duka la misumari na rangi mjini. Mama ni mtu wa Busia upande wa Kenya, ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani.

Kwa majirani haikuwa hivyo. Ukimsalimia kwa Kiswahili mzee aliyeiona miaka ya utawala wa wanajeshi, waliokuwa wakiamrisha watu kwa Kiswahili, kwanza anakuangalia mikono kama umeshika kitu.

Tenisi niliingia kwa udadisi tu. Nikitoka shule nilikuwa napita karibu na klabu moja ya zamani, nasikia "po... po... po" nyuma ya ua. Siku moja nikachungulia. Kocha wa pale, Bwana Isabirye, akaniona.

"Unachungulia nini? Ingia uone vizuri."

Nikaingia, sijatoka mpaka leo.

Kocha alinifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Lakini kuna neno moja aliniambia nikiwa na miaka kumi na minne, na hilo ndilo lililozaa uzi huu. Alisema, "Usimwonyeshe mtu macho yako. Ukiangalia pale unapopeleka mpira, umeshamwambia."

Nikalishika kama aya.

Nilipofika miaka ishirini na moja, Jinja nzima hakuna aliyekuwa ananifunga. Msinisifu, tulikuwa wachache. Nikamwambia baba nataka kujaribu kuwa professional, nitafute pointi ya dunia.

Baba ni mtu wa maswali. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Hiyo pointi inapatikanaje?"

Nikamweleza. Kwa wanaume, kwenye mashindano ya daraja la chini kabisa, ukiingia hatua kuu ukashinda mechi moja tu, unapewa pointi moja. Jina lako linaingia kwenye orodha ya dunia. Baada ya mwaka pointi ile inafutwa, unatafuta nyingine.

"Inafutwa? Hata kama hujafanya kosa?"

"Hata kama hujafanya kosa, baba."

Akacheka kweli kweli. "Sasa hiyo ukiipata unaiweka wapi?"

Lakini alikubali. Akanipa miaka miwili, halafu nirudi dukani kumsaidia. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua na mimi ndiye mkubwa kwetu. Kwa hiyo wakuu muelewe, sikuwa nacheza kujifurahisha. Saa ilikuwa inahesabu.

Hapo ndipo anaingia Kibet.

Kibet ni Mkenya wa Eldoret, umri wangu, mrefu, mtaratibu, anatabasamu hata akikosa. Mara ya kwanza tulikutana Jinja kwenye mashindano ya kirafiki. Akanifunga. Mara ya pili Mbale, mashariki mwa Uganda. Akanifunga. Mara ya tatu ilikuwa Nairobi, kwenye mechi za mchujo, ile ya mwisho kabisa kabla ya hatua kuu.

Akanifunga tena.

Kilichoniuma ni namna alivyonifunga. Silaha yangu kubwa ni serve, ule mpigo wa kuanzisha. Mimi naserve kwa nguvu, na watu wengi wanaishia kuugusa mpira tu. Lakini Kibet nikipeleka katikati namkuta yupo katikati. Nikipeleka pembeni, yupo pembeni, kama mtu aliyetumiwa ujumbe mapema.

Nikarudi Jinja na swali moja kichwani: huyu jamaa anajuaje?

Nilikosa usingizi kwa hilo swali. Nikabadilisha namna ya kurusha mpira. Nikabadilisha miguu inavyosimama. Nikaenda kupiga kwenye ukuta wa stoo moja ya zamani Walukuba, nimejirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye jiwe, nikirudi nyumbani naangalia video mpaka mama ananiuliza kama natafuta jini.

Sikuona kitu.

(Naona kuna mdau ameshauliza hapo chini kama Uganda kuna viwanja vya tenisi au nimeota. Mkuu, vipo. Ni vya udongo, unamwagia maji kabla ya kucheza, na mistari imepigiliwa misumari. Mvua ikinyesha mnakaa kwenye baraza mnahesabu matone. Tuendelee.)

Mwaka wangu wa pili ulipoanza nikahamia Mbale, kwa mama mdogo wangu anayekaa Namakwekwe. Sababu ni kwamba pale kulikuwa na Mwalimu Masaba, mwalimu wa sekondari niliyemfahamu kwenye mashindano yale ya Mbale, ambaye anapiga mpira vizuri na jioni yuko huru. Jinja sikuwa na mtu wa kunisukuma tena.

Tulikuwa tunacheza kila siku saa kumi. Mawingu yakianza kushuka kutoka mlima Wanale, mnajua mna kama robo saa, mnakusanya mipira.

Na kila siku kulikuwa na mama mmoja anayekuja kukaa kwenye benchi nje ya uzio wa uwanja. Mama mnene kiasi, amevaa raba nyeupe na gauni, na fimbo mkononi. Mwalimu Masaba akaniambia ni Afande Akello, mtu wa kutoka kaskazini, alikuwa askari wa magereza, amestaafu. Daktari alimwambia atembee kwa ajili ya goti lake. Akifika uwanjani anapumzika, kisha anarudi kwake.

Wiki tatu hakusema neno zaidi ya salamu.

Siku moja nimeserve vibaya, nimebamiza raketi kwenye goti langu mwenyewe, nikasikia sauti nyuma ya uzio.

"Wewe kijana. Unaficha nini?"

Nikageuka. "Shikamoo afande. Sijaficha kitu."

"Unaficha. Mimi nimefanya kazi gereza miaka ishirini na nane. Naona mtu anaficha kitu, najua."

Mwalimu Masaba akaanza kucheka. Mimi sikucheka. Kuna namna mama huyu alivyoniangalia, nikajikuta nimesimama wima.

Nikamuuliza, "Afande, unaijua tenisi?"

"Hapana. Hata hiyo kuhesabu yenu sielewi. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Hiyo tano imekwenda wapi?"

Kisha akainuka, akazunguka taratibu na fimbo yake mpaka upande wa pili, akasimama nyuma ya uzio, pale ambapo mpinzani angekuwa mbele yake.

"Piga," akasema. "Mimi nitainua fimbo kabla hujapiga. Huku ama huku."

Wakuu, nilipiga serve kumi. Mwalimu Masaba alikuwa anaangalia fimbo, mimi nilikuwa naangalia kazi yangu. Kila nikimaliza namuuliza Masaba kwa macho, naye anatikisa kichwa kukubali.

Kati ya kumi, afande alikosea moja.

Mtu ambaye hajui hata tano imekwenda wapi ameijua serve yangu kabla sijapiga!

Nikaenda mpaka kwenye uzio. "Afande, umejuaje?"

Akaegemea fimbo. "Sikiliza. Tukiingia kukagua chumba ya wafungwa, mtu akiwa ameficha simu, macho yake inazunguka kila mahali. Ataangalia dirisha, ataangalia mlango, ataangalia viatu yangu. Lakini pale penyewe simu iko, hapana. Hata kidogo. Basi mimi natafuta ile mahali haangalii. Wewe hivyo hivyo. Unaangalia huku, unaangalia huku, unaangalia mbele. Kuna kona moja huangalii. Mpira unakwenda hapo."

Nikakaa chini kwenye udongo.

Neno la kocha! Nililishika sana mpaka likageuka. Miaka minane nilikuwa nahakikisha siangalii ninapopeleka, na kumbe kutoangalia kwenyewe ndiko kunakosema.

Nikasema basi, dawa ni kuangalia kona zote. Nikajaribu wiki nzima. Ikawa balaa. Mpira unaingia wavuni, mpira unatoka nje, Mwalimu Masaba amesimama tu upande wa pili kama mtu anayesubiri basi. Nilikuwa nawaza macho yangu badala ya mkono wangu. Nikaanza kuogopa kwamba mama huyu ameniharibia kabisa, na miezi yangu ilikuwa inaisha.

Nikamlalamikia. "Afande, sasa niangalie wapi?"

Akanishangaa. "Mfungwa ambaye hajaficha kitu anaangalia wapi?"

"Sijui."

"Anaangalia mimi. Anataka kujua mimi nataka nini." Akainuka kwenda zake. "Wewe angalia mtu."

Basi.

Nikaanza kumwangalia Mwalimu Masaba. Sitafuti kona, sifichi kona. Kabla ya kuserve namtazama yeye tu, mabega, kiuno, miguu. Siku za kwanza niliona aibu, kama unamkodolea mtu macho sokoni. Halafu taratibu nikaanza kuona vitu. Masaba akichoka anasimama na kisigino. Akiwa na uhakika anazungusha raketi vidoleni. Miezi minne nimecheza na huyu mtu na vitu hivyo sikuwa navijua!

Miezi miwili kabla ya muda wa baba kuisha nikaenda Nairobi tena. Mchujo nikapita, mechi zote mbili. Nikaingia hatua kuu kwa mara ya kwanza maishani. Wakabandika ratiba ukutani, nikasogea kusoma mpinzani wangu.

Kibet.

Nilicheka mwenyewe, mtu aliyekuwa karibu yangu akasogea pembeni.

Asubuhi ya mechi ikafika. Game ya kwanza ninaserve mimi. Nikasimama kwenye mstari, nikainua macho, nikamwangalia Kibet. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia kweli.

Nikaona kitu cha ajabu.

Kibet alikuwa anaondoka mapema. Kabla sijaugusa mpira, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza safari. Wakati mwingine sahihi, wakati mwingine anakwenda kabisa siko. Nikisubiri nusu ya pumzi tu, naona anakoelekea, napeleka kwingine.

Seti ya kwanza nikachukua. Ya pili akanifunga, maana yeye si mtu wa mchezo, alianza kusubiri. Ya tatu tulikwenda bega kwa bega mpaka tano kwa tano. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekaza kama mti. Nikachukua game yake, ile anayoserve yeye, nikaja kuserve kumaliza. Mpira wa mwisho nilimwangalia, akaniangalia, akaanza kwenda pembeni. Nikapeleka katikati.

Hakuufikia.

Pointi moja, wakuu. Moja.

Tukakaa kwenye viti tukinywa maji, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Kibet, mechi zile tatu za mwanzo, macho yangu uliyasoma lini?"

"Macho?" Akanigeukia. "Aii, mimi sijawahi kuangalia macho yako, bro. Serve yako ni kali. Nikingoja nimechelewa. Nilikuwa nabahatisha tu, nachagua upande naenda."

"Sasa mbona ulikuwa hukosei?"

"Nilikuwa nakosea sana," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa huoni."

Nikafunga mfuko wangu wa raketi, tukaagana.

Nilivyorudi nyumbani Jinja nikacheza video moja ya mechi yetu ya Mbale ambayo Masaba alikuwa amenirekodia; mwanzo nilikuwa najiangalia mimi tu. Kweli. Kibet anakosea, anakosea, anapatia. Mimi nilizibeba zile alizopatia tu, nikajenga mzimu.

Nikapanda basi kwenda Mbale kumweleza Afande Akello. Nilimkuta kwenye benchi lake. Nikampa habari zote, nikamalizia kwa kumwambia kwamba Kibet hakuwa ameona chochote, kwa hiyo tulikosea sote wawili.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikusema yeye anaona," akasema. "Nilisema mimi naona."

Akachukua fimbo, akaendelea na matembezi yake.

Baba aliniongezea miaka miwili mingine, na mdogo wangu wa kike ndiye yuko dukani sasa, anaijua rangi kuliko mimi. Pointi ile ya kwanza imeshafutwa. Kwa sasa ninazo mbili, nafanya mazoezi Jinja na Mbale kwa zamu.

Nilichojifunza ni hiki: nilihangaika sana kujificha, mpaka sikumwona mtu aliyesimama mbele yangu. Na aliyenionyesha hakuwa mtu wa mchezo wangu.

Sasa nawaachia ninyi uwanja. Kuna yeyote humu aliyewahi kurekebishwa kwenye kazi yake na mtu asiyeijua kabisa hiyo kazi? Fundi, daktari, mwalimu, dereva, yeyote. Na wenye kuijua tenisi, hebu mniambie: yule mama aliponisoma serve tisa kati ya kumi, kweli hakuna mpinzani mwingine anayeweza kuniona hivyo? Hilo bado sijalipatia jibu.