Isale Juu ya Hotuba Yangu

Kabla sijaingia ukumbini, mdogo wangu alinipigia simu kutoka kwenye banio, lango la kugawia maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaonywesha migomba yetu huku Uru.

"Vijana wa chini wamepanda na mapanga," alisema. "Na sisi tunayo. Tunasubiri baraza lenu liamue."

Mimi ndiye diwani wao. Nilitoka kijijini na mfuko wa rambo, nikabeba zege Dar hadi nikajisomesha stashahada ya maji, nikarudi kujenga nyumba ya ghorofa bila kumwomba mtu msumari. Hoja yangu, ya kuwaachia watu wa juu maji yote wakati wa kiangazi, haikuwa na tundu. Ila siku ile niliogopa kuisoma. Nikishinda, wa chini watavunja banio mbele ya mdogo wangu. Nikishindwa, yeye ndiye atakayeanza. Namjua.

Mwenyekiti alipotoa mapumziko ya chai, diwani wa kata ya chini, mzee aliyenipinga asubuhi yote, alikuja mezani kwangu. Akatoa jani la isale ndani ya koti, akaliweka juu ya hotuba yangu.

Isale ni ombi la amani. Kwetu Uchaggani anayelikataa huzika watu wake. Nikaisogeza kalamu isiliguse.

"Shikamoo, meku," nikamwambia, kama tuwaitavyo wazee kwetu. "Haya ni mambo ya nyumbani, si ya baraza."

"Marahaba. Stashahada yote hiyo, unaogopa jani?"

"Nikilipokea, wa kwetu watasema nimeuza maji."

"Na wa kwetu watasema nimepiga magoti. Tusemwe wote. Mwanangu naye yuko banioni."

Hilo sikulijua. Nikalishika jani.

Chai haijapoa tukawa tumeelewana: mchana maji yashuke kwao, jioni hadi alfajiri yabaki kwetu. Marekebisho atayatoa yeye, kwao aonekane ameshinda. Mimi nitayakubali, na hoja ibaki na jina langu. La jina nililidai mwenyewe.

Hoja ikapita. Hotuba yangu bora kuliko zote haikusomwa.

Nikampigia mdogo wangu.

"Nani ameshinda?"

"Weka panga chini kwanza."

"Nijibu, kaka."

"Weka chini."

Kando yangu mzee alikuwa na simu sikioni, akimwambia mwanawe maneno yale yale. Nikasikia panga la mdogo wangu likitua juu ya jiwe. Nikamtazama mzee.

Bado alikuwa akisubiri kusikia la mwanawe.